Toleo Jipya la Mchezo Uupendao: Haki na Wajibu wa Mlaji Aliyevunjika Moyo

Utangulizi

Kila jioni, kando ya barabara kuu itokayo katikati ya Jiji la Mwanza kuelekea Shinyanga, vibanda vya gemu vya Mkolani hujaa vijana. Wapo wanafunzi waliomaliza vipindi, makondakta waliokabidhi gari, na mafundi wanaosubiri kazi ya kesho. Wanakaa wawili wawili mbele ya runinga, kila mmoja na pedi yake mkononi, wakicheza mpira wa miguu wa kwenye kioo. Anayefungwa hulipia mechi na kumwachia mwingine nafasi. Kwa wachezaji hiyo ni burudani, lakini kwa mwenye kibanda ndiyo kodi ya pango, ada ya mtoto na chakula cha nyumbani.

Michezo hii hutolewa kwa mfululizo. Kila baada ya muda, kampuni hutoa toleo jipya lenye jina lilelile linalopendwa, na mlaji hulipokea kwa imani aliyoijenga katika matoleo yaliyotangulia. Mara nyingine imani hiyo hulipwa, na mara nyingine toleo jipya huwa duni kuliko lile la zamani. Mlaji aliyekwisha kutoa fedha hujiuliza: nimedhulumiwa, au nimekosa bahati tu? Je, ninaweza kurudishiwa fedha zangu? Nimdai nani?

Somo hili limeandaliwa kujibu maswali hayo. Tunazungumzia michezo ya video, lakini mafunzo yake yanafaa pia kwa simu, programu za kompyuta, ving'amuzi na bidhaa nyingine zinazouzwa kwa nguvu ya jina lililozoeleka.

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, tunatarajia msomaji aweze:

(a) kutofautisha kutoridhika, kasoro ya bidhaa na udanganyifu wa muuzaji;
(b) kueleza sheria za Tanzania zinampa ulinzi gani katika kila hali;
(c) kuuliza maswali yanayostahili kabla ya kulipa;
(d) kuwasilisha lalamiko lenye ushahidi.

1. Yaliyotokea mwaka 2021

Tuanze na tukio lililowagusa wapenzi wengi wa mpira wa kwenye kioo, katika nchi yetu na kwingineko. Kampuni ya Konami ya Japani ilianza kutengeneza mfululizo wake wa mpira wa miguu mwaka 1995. Ulijulikana kwanza kwa jina la Winning Eleven, na kuanzia mwaka 2001 ukaenea duniani kwa jina la Pro Evolution Soccer, ambalo wengi hulifupisha kuwa PES. Kwa miaka mingi, katika vibanda vingi vya Afrika Mashariki, kusema "tukacheze PES" kulikuwa sawa na kusema tukacheze gemu.

Mwezi Julai 2021, Konami ilitangaza kwamba jina la PES linaachwa. Mchezo mpya ungeitwa eFootball, ungetolewa bila malipo, na ungeboreshwa hatua kwa hatua kupitia intaneti badala ya kuuzwa upya kila mwaka. Toleo la kwanza, eFootball 2022, lilitoka tarehe 30 Septemba 2021.

Mapokezi yake yalikuwa mabaya. Wachezaji walionyesha sura za wanasoka zilizopotoka, miili iliyojikunja isivyo kawaida na mpira uliokwenda usikotarajiwa. Klabu zilizoweza kuchezwa zilikuwa tisa tu. Master League, sehemu ambamo mchezaji husimamia timu yake msimu baada ya msimu, haikuwemo. Katika duka la mtandaoni la Steam, ndani ya siku chache mchezo huo ukawa miongoni mwa michezo iliyopewa tathmini mbaya kuliko yote dukani humo. Tarehe 1 Oktoba 2021 Konami iliomba radhi hadharani na kuahidi marekebisho. Mwezi Novemba iliahirisha toleo kamili hadi mwaka uliofuata, na wateja waliokuwa wameagiza mapema kifurushi cha ziada cha kulipia wakaambiwa kwamba oda zao zimefutwa na fedha zitarudishwa. Toleo la 1.0.0 lilitoka mwezi Aprili 2022.

Katika mkasa huo yapo mambo mawili ambayo msomaji anapaswa kuyaweka akilini. Kwanza, mchezo wenyewe ulitolewa bure. Kwa hiyo aliyeupakua bila kulipa alivunjika moyo, lakini hakupoteza bei ya mchezo. Pili, fedha zilizorudishwa ni za watu waliolipia kitu mahususi ambacho hakikutolewa kwa wakati ulioahidiwa. Hasira za wapenzi wa mchezo zilikuwa kubwa kuliko fedha hizo, lakini kilichokuwa na bei ya kurudishwa ni kile tu kilicholipiwa.

2. Mfano wa Mkolani

Ili somo lieleweke, tuchukue mfano tulioutunga kutokana na mambo yanayoweza kumpata mfanyabiashara yeyote mdogo. Kiasi cha fedha kilichotajwa ni cha mfano tu.

Mwenye kibanda mmoja wa Mkolani ana mashine mbili za PlayStation 3 zenye michezo ya zamani. Wateja wake wanasikia habari za mchezo mpya na kuanza kumwuliza kila siku ataleta lini. Anaogopa wasije wakahamia kibanda cha jirani. Anauza mashine zote mbili, anaongeza mkopo kutoka katika kikundi chake cha kuweka na kukopa, na anakwenda mjini. Huko anauziwa PlayStation 4 iliyotumika kwa shilingi 850,000, pamoja na shilingi 50,000 anazoambiwa kuwa ni bei ya "mchezo mpya". Muuzaji anamhakikishia mambo matatu: timu zote zimo, mchezo hautumii bando, na pedi zote mbili ni nzima. Mashine inawashwa dukani kwa dakika chache, picha inaonekana, na fedha zinalipwa kwa simu. Hapewi risiti.

Siku ya kwanza kibandani wateja wanajaa. Wanakuta klabu tisa. Timu wanazozipenda wengi wao hazimo. Sehemu nyingine zinadai intaneti. Pedi moja inasukuma mchezaji upande wa kushoto hata isipoguswa. Wachezaji wenyewe, wanasema wateja, wanakimbia kama waliofungwa kamba. Siku ya tatu kibanda ni kitupu, na siku ya kurejesha mkopo haibadiliki.

Mwenye kibanda ana malalamiko mengi, na yote yanamwuma kwa pamoja. Kazi ya kwanza ya mlaji ni kuyatenganisha, kwa kuwa kila moja lina dawa yake.

3. Mambo matatu yasiyopaswa kuchanganywa

*Kutoridhika.* Hapa bidhaa inafanya kile ilichoelezwa kufanya, lakini mnunuzi haipendi. Mchezo unachosha, mwendo wa wanasoka si wa kuvutia, toleo la zamani lilikuwa tamu zaidi. Hili ni suala la ladha. Muuzaji mwema anaweza kumbadilishia mteja kwa hiari yake, lakini kwa kawaida sheria haimlazimishi mtu kurudisha fedha kwa sababu tu mnunuzi alitarajia makubwa.

*Kasoro.* Hapa bidhaa haifanyi kazi inavyopaswa kwa aina yake. Pedi inajisukuma yenyewe, diski haisomeki, mashine inazima kila baada ya nusu saa, mchezo unakwama kila mechi inapofika kipindi cha pili. Hili si suala la ladha tena. Mtu yeyote, apende mchezo au asiupende, atakiri kwamba kitu hicho kina hitilafu.

*Udanganyifu au maelezo ya kupotosha.* Hapa muuzaji au mtengenezaji alisema jambo lisilo kweli, au alificha jambo la msingi, na mnunuzi akalipa kwa kuliamini. "Timu zote zimo," kumbe ni tisa. "Hautumii bando," kumbe unatumia. Bidhaa inaweza kuwa nzima kabisa na bado mnunuzi akawa amedanganywa.

Wakazi wa Mwanza wanaufahamu mgawanyo huu katika biashara nyingine. Anayenunua gunia la dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, hatosheki kutazama dagaa wa juu. Huingiza mkono hadi chini. Akikuta chini kuna mchanga, amedanganywa. Akikuta dagaa wameoza, bidhaa ina kasoro. Akifika nyumbani na watoto wakasema leo walitamani sato, hana la kumdai muuzaji wa dagaa.

4. Sheria inasemaje

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 ndiyo sheria kuu ya kumlinda mlaji Tanzania Bara, na Tume ya Ushindani ndiyo iliyopewa jukumu la kuisimamia. Sheria hiyo inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara. Inakataza pia kutoa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, kama vile kudai kwamba ina ubora, sifa, matumizi au idhini ambayo haina, au kwamba ni mpya ilhali si mpya. Maelezo hayo si lazima yawe yameandikwa. Neno la mdomo la muuzaji ni maelezo. Ugumu wake ni katika kulithibitisha.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti yanayohesabika kuwemo katika mauziano hata kama hayakutajwa. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Bidhaa iliyouzwa kwa kielelezo lazima ilingane na kielelezo. Mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoikusudia, akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, bidhaa inatakiwa kuifaa kazi hiyo. Yako mazingira pia ambamo bidhaa inatakiwa iwe na ubora unaofaa kuuzwa. Hata hivyo, ikiwa mnunuzi aliikagua bidhaa kabla ya kununua, hawezi kutumia sharti hilo la ubora kwa kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuigundua. Kwa hiyo ukaguzi wa haraka haraka una hatari yake: humpa muuzaji hoja ya kusema, "Uliiona mwenyewe."

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inahusu manunuzi ya mtandaoni. Inamtaka mwuzaji wa mtandaoni ajitambulishe, aeleze bidhaa na bei yake, na ampe mnunuzi nafasi ya kupitia oda na kusahihisha makosa kabla ya kuikamilisha.

Madukani mara nyingi hubandikwa tangazo lisemalo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Tangazo hilo linaweza kumkumbusha mteja asirudishe kitu kwa sababu ya kubadili mawazo. Halimpi muuzaji ruhusa ya kusema uongo kuhusu bidhaa.

5. Mwaka ulioandikwa juu ya diski

Vibanda vingi bado vinatumia mashine za zamani, na ni katika mashine hizo ambamo mlaji hupotoshwa kwa urahisi zaidi na jina la toleo jipya. Tunaomba msomaji ayashike mambo yafuatayo:

- Toleo la mwisho la PES kwa ajili ya PlayStation 2 ni PES 2014.
- Toleo la mwisho la PES kwa ajili ya PlayStation 3 ni PES 2018, na kwa upande wa FIFA ni FIFA 19.
- Jina la FIFA kwa michezo ya kampuni ya EA Sports liliishia FIFA 23. Kuanzia Septemba 2023 mfululizo huo unaitwa EA Sports FC.
- eFootball ilipotoka mwaka 2021 haikuuzwa kwa diski. Ilipatikana kwa kupakuliwa, na bila malipo.

Kwa hiyo diski ya PlayStation 2 iliyoandikwa mwaka wa juzi au wa mwaka huu haikutoka kwa Konami. Ni mchezo wa zamani uliofanyiwa mabadiliko na mtu mwingine: majina ya wachezaji yamebadilishwa, jezi zimepakwa upya, pengine timu za nyumbani zimeongezwa. Wapo wateja wanaoipenda kazi hiyo, na wanaijua ilivyo. Lakini anayeiuza kama toleo jipya la mtengenezaji anatoa maelezo ya uongo, na kunakili mchezo wa mtu bila idhini ni kuvunja sheria ya hakimiliki. Mnunuzi naye hujiweka pabaya, kwa sababu diski kama hiyo ikigoma hakuna mtengenezaji wa kumlalamikia.

Hata matoleo halali yanaweza kuwa na jipya kidogo. Kampuni zimewahi kutoa matoleo ambayo kwa mashine za zamani yalisasisha vikosi na jezi tu, huku mchezo wenyewe ukibaki kama wa mwaka uliopita. Jambo hilo likielezwa wazi kwenye kasha au dukani, si udanganyifu. Ni wajibu wa mnunuzi kulisoma.

6. Je, umenunua kitu au umepewa ruhusa?

Mnunuzi wa diski ya zamani aliweza kuitumia muda wote mashine yake ilipokuwa hai. Michezo mingi ya sasa si hivyo. Mlaji hupewa ruhusa ya kutumia mchezo kwa masharti, na mchezo huo hutegemea seva za kampuni.

Mfano ni The Crew, mchezo wa mbio za magari uliotolewa na kampuni ya Ubisoft mwaka 2014. Ulihitaji intaneti muda wote. Seva zake zilifungwa tarehe 31 Machi 2024, na tangu hapo hata waliokuwa na diski hawakuweza kuucheza. Malalamiko ya namna hii yamekuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 2024 jimbo la California, Marekani, lilitunga sheria inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali kumweleza mnunuzi waziwazi pale anapopewa leseni tu.

Kwenye simu hali ni hiyohiyo. Tarehe 2 Juni 2022, eFootball ilikuja kwa watumiaji wa PES 2021 ya simu kama sasisho la programu ileile waliyokuwa nayo. Toleo jipya lilichukua mahali pa lile la zamani. Kuzuia masasisho ya moja kwa moja kunaweza kumpa mtu muda wa kusoma kinachobadilika, lakini hakusaidii sana ikiwa mchezo unategemea seva ambazo kampuni imeamua kuzibadilisha.

Kwa mwenye kibanda, swali hili lina uzito wa kibiashara. Kabla hajakopa, ajue kama biashara yake itategemea diski iliyo mkononi mwake au seva iliyo mbali, pamoja na bei ya bando la kila mwezi.

7. Sarafu za ndani ya mchezo, na watoto

Mchezo wa bure huingiza fedha kwa njia nyingine. Ndani yake huuzwa sarafu, na sarafu hizo hutumika kufungulia vifurushi vya wachezaji ambavyo mnunuzi hajui ndani yake atamkuta nani. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba vifurushi vya bahati vya kulipia katika baadhi ya michezo ya video vilikuwa kamari chini ya sheria za nchi hiyo, na mapema mwaka 2019 EA iliacha kuuza huko sarafu za mchezo wake wa FIFA.

Wazazi wanapaswa kulitazama jambo hili kwa makini. Mtoto anayejua namba ya siri ya simu ya mama yake anaweza kumaliza fedha za marejesho ya wiki kwa usiku mmoja, akitafuta mshambuliaji mmoja. Sheria yetu ya mikataba haimhesabu mtoto aliye chini ya miaka 18 kuwa na uwezo wa kufunga mkataba, lakini kurudishiwa fedha zilizokwisha kuvuka mipaka ya nchi ni safari ndefu. Ni heri kuzuia: namba ya siri isitajwe mbele ya mtoto, ununuzi ndani ya programu ufungwe kwa nywila, na akaunti ya mtoto isiunganishwe na kadi wala akaunti ya fedha ya simu.

8. Kabla ya kulipa

Tunamshauri mlaji afuate hatua hizi.

*Subiri.* Wiki mbili za kwanza za toleo jipya ndizo zenye habari chache na matangazo mengi. Mwezi Desemba 2020 mchezo wa Cyberpunk 2077 ulitoka ukiwa na hitilafu nyingi katika mashine za zamani, kiasi kwamba Sony iliuondoa katika duka lake la mtandaoni na kuwarudishia fedha walioununua humo. Ulirudi dukani mwezi Juni 2021. Aliyesubiri aliepuka usumbufu wote huo. Haraka haraka haina baraka.

*Jaribu.* Mchezo wa bure upakue kwanza kwenye mashine ya rafiki kabla ya kununua mashine kwa ajili yake. Mashine iliyotumika icheze mechi nzima dukani, si dakika mbili. Shika pedi zote.

*Uliza, na majibu yaandikwe.* Je, mchezo huu unahitaji intaneti? Una timu zipi? Umetoka kwa mtengenezaji au umebadilishwa? Mashine imewahi kufunguliwa na fundi? Nikilipa hiki, nalipia mchezo au nalipia kazi ya kuupakua? Muuzaji mkweli hataogopa kujibu kwa ujumbe mfupi wa simu.

*Soma masharti ya kurudisha.* Duka la Steam, kwa mfano, kwa kawaida hukubali ombi la kurudishiwa fedha ndani ya siku 14 tangu kununua, ikiwa mchezo umechezwa kwa muda usiozidi saa mbili. Kila duka lina masharti yake. Anayefungua akaunti kwa kuandika nchi asiyoishi ajue kwamba amejinyima sehemu ya kinga yake kwa mkono wake.

*Dai risiti.* Risiti ya kielektroniki ni haki ya mnunuzi na wajibu wa muuzaji. Mali bila daftari hupotea bila habari.

*Usiuze cha zamani kabla ya kukipima kipya.* Kwa mwenye biashara, hili huenda likawa ndilo shauri kubwa kuliko yote katika somo hili.

9. Baada ya kulipa

Tatizo likijitokeza, mlaji aache kutumia bidhaa mara moja, kwa kuwa kuendelea kuitumia kwa wiki nyingi hudhoofisha dai lake. Apige picha na video za kasoro. Akusanye ujumbe wa muamala wa simu, mazungumzo na muuzaji, na majina ya walioshuhudia mauziano.

Kisha arudi kwa muuzaji akiwa mtulivu, aeleze kilichoahidiwa na kilichopatikana, na ataje anachotaka: kubadilishiwa, kutengenezewa, au kurudishiwa fedha. Ampe siku za kujibu. Mapatano ya namna hii humaliza migogoro mingi bila gharama.

Muuzaji akikataa, mlaji aandike barua fupi na kubaki na nakala, kisha apeleke lalamiko Tume ya Ushindani. Kama lalamiko linahusu bando au huduma ya mawasiliano, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ndiyo mahali pake. Kama kuna dalili za utapeli, kwa mfano muuzaji wa mtandaoni aliyepokea fedha na kuzima simu, taarifa itolewe polisi bila kuchelewa.

10. Turudi Mkolani

Sasa tuyapange malalamiko ya mwenye kibanda wetu.

Wanasoka kukimbia kama waliofungwa kamba ni udhaifu wa mchezo uliotolewa bure na kampuni iliyokwisha kukiri hadharani. Hili halimhusu muuzaji wa mjini, na halina fedha ya kurudishwa. Hapa mwenye kibanda avumilie, au atafute toleo lingine. PES 2021 ipo kwa diski ya PlayStation 4, na pengine ndiyo iliyomfaa tangu mwanzo.

Pedi mbovu ni kasoro, na pia inapingana na kauli kwamba pedi zote mbili ni nzima. Anaweza kudai abadilishiwe. Muuzaji atajibu kwamba mashine iliwashwa mbele yake. Jibu hilo lingekuwa na nguvu zaidi kama pedi zote zingejaribiwa. Kauli ya muuzaji ndiyo inayombeba mnunuzi hapa.

Shilingi 50,000 zilitajwa kuwa bei ya mchezo, ilhali mchezo hauna bei. Muuzaji angeweza kutoza kazi yake na bando alilotumia kuupakua, mradi aseme hivyo. Hakusema. Kauli za "timu zote zimo" na "hautumii bando" nazo hazikuwa kweli, na ndizo zilizomfanya mnunuzi atoe fedha. Hapa ana dai la wazi, na anaweza kuomba mauziano yote yatenguliwe.

Kipato cha siku alizokaa na kibanda kitupu ni kigumu zaidi kukidai, kwa sababu hana daftari la mapato ya siku za kawaida la kulinganisha. Ana ujumbe wa muamala unaoonyesha kiasi na tarehe. Ana rafiki aliyefuatana naye dukani. Hivyo viwili vinatosha kuanzia, na kila siku anayochelewa hupunguza uzito wake.

Hata akifanikiwa katika yote anayoweza kuyadai, mashine zake mbili za zamani zimekwisha kuuzwa, na riba ya mkopo ni yake. Sheria inaweza kumrudishia alichodanganywa. Kwa alichokitoa kwa haraka, kinga ilikuwa mikononi mwake kabla hajapanda daladala kwenda mjini.

Maswali ya kujadiliana

1. Eleza kwa mifano ya mtaani kwako tofauti kati ya kutoridhika, kasoro na udanganyifu.
2. Rafiki yako anataka kununua diski ya PlayStation 2 iliyoandikwa "PES 2024". Utamweleza nini?
3. Muuzaji anasema, "Mali ikishauzwa hairudishwi." Ni katika hali gani kauli hiyo ina uzito, na ni katika hali gani haina?
4. Orodhesha ushahidi ambao mwenye kibanda wa Mkolani angekuwa nao kama angezifuata hatua za sehemu ya 8.
5. Kikundi chenu cha kuweka na kukopa kimepokea ombi la mkopo wa kununua mashine mpya ya gemu. Ni maswali gani matatu mtamwuliza mwombaji kabla ya kuidhinisha?